Mkono wa Utomvu

Dobi huyu watu walimwita Bi Madoa, na jina hilo hakulikataa, maana alilipata kwa kazi na si kwa umbea. Doa likiingia dukani kwake halikutoka na nguo. Wino, kutu, damu, grisi, masizi, yote alizijua tabia zake, lipi la kubembelezwa na lipi la kupigwa. Wateja wakimsifu alijifanya hasikii, kumbe kila neno amelikunja na kuliweka mfukoni. Kiburi kilikuwa chakula chake, na nani atamlaumu? Mume wake alikuwa amefariki miaka kumi na minne iliyopita, watoto hakujaliwa, na mgongo ulimuuma tangu asubuhi hadi jioni kwa kuinamia mabeseni. Sifa ndizo zilizokuwa zikimwamsha.

Duka lilikuwa na sehemu mbili. Mbele palikuwa na meza ya kupokelea nguo na meza ya pasi, alipotawala mdogo wake, mwanamke mwenye ulimi mwepesi kuliko mkono. Nyuma, uani, palikuwa na mabeseni, mashine moja ya kufulia iliyonguruma kama ina kisa na mtu, na kamba nne za kuanikia. Baina yao wawili walikuwa na utaratibu: mdogo mtu akiona doa sugu alilizungushia uzi mwekundu, mishono mirefu ya haraka, ili nguo ikifika uani doa lisije likapotea machoni. Uzi mwekundu hapo dukani ulikuwa na maana moja tu. Hapa, piga.

Jumatatu moja mzee mmoja aliingia na koti mkononi. Lilikuwa koti zito la rangi ya majivu, limelowa tope upande mmoja. Siku hiyo mdogo mtu alikuwa amekwenda kung'oa jino, kwa hiyo Bi Madoa mwenyewe ndiye aliyepokea.

"Limeniponyoka nikivuka dimbwi, mwanangu," mzee alisema. "Nami Ijumaa nasafiri, nahamia kwa binti yangu. Amesema kabisa, baba usije na lile koti lako linanuka."

"Ondoa wasiwasi, mzee wangu. Alhamisi utalikuta kama jipya."

"Jipya silitaki," mzee alisema, akacheka kidogo, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Bi Madoa alilitandaza koti mezani uani. Mgongoni, katikati ya mabega, aliona mkono. Mkono mzima wa mtu, kiganja na vidole vitano, umeganda kwa utomvu wa msonobari uliokuwa mweusi kwa uzee. Kuuzunguka palikuwa na uzi mwekundu, mishono midogo midogo iliyopangwa kwa subira. Laiti angetazama vizuri angejua kuwa mdogo wake hajawahi kushona kwa subira tangu azaliwe. Lakini aliona wekundu, akakunja mikono ya gauni.

Utomvu una ubishi wake. Ukiukimbilia na maji ya moto umeukaribisha ndani ya nyuzi, hautoki tena. Kwanza barafu. Alifunga vipande vya barafu katika mfuko wa nailoni akaulaza juu ya mkono ule mpaka utomvu ukawa mgumu na kuanza kupasuka, kisha akaukwangua kwa mgongo wa kisu. Halafu mafuta ya kupikia, matone machache, akisugua kwa kidole polepole ili kile kilichobaki kilainike. Halafu spiriti kwenye pamba, toka ukingoni kuja katikati, akibadilisha pamba kila ikichafuka. Mwisho sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kuondoa mafuta yenyewe. Ni vitu vya jikoni tu, na kwa kawaida kazi hiyo ilimchukua saa moja.

Siku ile ilimchukua saa tatu. Kidole kidogo kilitoka kwanza, kikafuata cha pete. Lakini kila alipomaliza kimoja na kugeukia kingine, aliona kama vile vilivyobaki vimeshika koti kwa nguvu zaidi. Barafu iliyeyuka upesi kuliko kawaida. Alipogusa kitambaa palepale alipotoka kuondoa barafu, alikuta pana joto, joto la mahali mtu alipokuwa amekaa. Nywele za shingoni zilimsimama, naye akazikemea. Kidole gumba kilikuwa cha mwisho. Kilipoachia, Bi Madoa alisikia pumzi ikitoka, akageuka nyuma, uani hapakuwa na mtu. Akajiambia ni pumzi yake mwenyewe. Akachomoa uzi, akalifua koti, akalianika kando ya shuka nyeupe za nyumba ya wageni.

Jumatano asubuhi koti lilikuwa safi. Mkono ulikuwa kwenye shuka.

Ulikuwa mbichi, unanata, unanukia msitu, katika mji ambao msonobari ulio karibu ni mbao. Bi Madoa alitazama pande zote akitafuta wa kumgombeza, akakosa. Akautoa, akaianika shuka upya. Saa nane mchana mkono ulikuwa umehamia kwenye gwanda la muuguzi lililogusana na shuka hiyo kwenye kamba, nao ulikaa mgongoni, katikati ya mabega. Hapo ndipo alipoogopa. Alilichukua gwanda kwa ncha za vidole, akalisugua kwa papara huku amelikumbatia kifuani, maji yakimlowesha, kisha akalitupia begani ili apate kushika beseni la pili.

Aliuhisi kabla hajauona. Kiganja kilitua mgongoni pake, cha moto, kimetulia, kama cha mtu anayekupitisha mbele yake mlangoni. Bi Madoa alisimama na beseni mikononi, hakuthubutu kupumua. Alingoja kitu kibaya. Badala yake, yale maumivu ya mgongo aliyoyazoea mpaka akayasahau yalianza kuyeyuka, na mabega yakashuka. Tangu mumewe afe hakuna aliyemgusa mgongo isipokuwa fundi nguo akimpima, tena kwa futi. Aliweka beseni chini, akalia, na hakuona haya.

"Dada," mdogo wake alimwambia alipoingia ndani, akizungumza kwa shida kwa sababu ya lile pengo la jino, "nani kakushika mgongoni?"

"Nani anishike?"

"Basi una bwana seremala unayemficha. Mkono wote huo! Vua nikutolee."

"Usiguse!" Bi Madoa alisema, kwa sauti iliyowashtua wote wawili. Kisha akamweleza. Mdogo mtu alimsikiliza hadi mwisho.

"Uzi mwekundu?" aliuliza tu. "Dada, mimi hilo koti sijawahi kulitia machoni."

Alhamisi saa nne mzee alifika. Bi Madoa alimpokea ameegemeza mgongo ukutani, amevaa gauni lilelile la jana. Mzee alilichukua koti, akalinusa, akatabasamu, akalipindua. Alipitisha vidole mgongoni mwa koti, akarudia tena, taratibu, kama kipofu anayetafuta mlango wa nyumba yake.

"Umeutoa," alisema.

"Lilikuwa na uzi mwekundu, mzee wangu."

"Ndiyo. Niliutia mimi." Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Akaketi kwenye benchi la wateja na koti mapajani. "Miaka ishirini na sita nimefanya kazi kwenye shamba la misonobari, mimi na mke wangu, tunakinga utomvu. Kule mti uliopakwa pete nyekundu hauguswi. Ni mti wa mbegu. Hata mwehu anajua, ukiona pete nyekundu, pita mbali. Nikadhani kila mtu anajua."

Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba asubuhi ya mwisho mkewe alimsukuma kidogo mgongoni apande gari la kazi, mikono imejaa utomvu, akimwambia atangulie, yeye anamalizia miti miwili. Tawi lilimwangukia kabla ya saa tatu. Miaka kumi na moja sasa mzee alikuwa akilivaa koti lile kila siku na kulilalia kila usiku, hakulifua hata mara moja.

"Nikilivaa, yupo," alisema. "Sijui nikwambieje. Yupo tu."

Bi Madoa hakuhitaji kuambiwa. Wakati huohuo kiganja kilikuwa kinampapasa mgongoni kwa mduara mdogo, naye akiona raha na aibu kwa pamoja.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," alisema. "Basi lako saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Pitia hapa saa mbili. Madoa yana siri zake, mzee. Mengine hurudi."

Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake ana matumaini.

"Unajua la kufanya," mdogo mtu alisema mlango ulipofungwa. "Umeuona unavyohama. Lowesha koti, lowesha gauni, yaanike pamoja. Mrudishie mzee mke wake."

"Najua."

"Basi vua."

Bi Madoa hakuvua. Aliongea mengi: kwamba ameutoa kwa jasho lake, kwamba mzee ana binti, na huenda wajukuu, wa kumkumbatia, yeye ana nani, kwamba huenda mkono wenyewe ndio umemchagua. Mdogo wake alimtazama akiongea.

"Cha mwenzio si chako, dada," alisema hatimaye, akarudi kwenye pasi yake.

Mchana ule Bi Madoa alikwenda kwa muuza mbao. Mbao mbichi za msonobari zikipigwa na jua hutoa machozi ya utomvu kwenye vifundo, naye aliyakwangua kwa kijiko hadi akapata nusu kikombe. Aliupasha moto kwenye kopo, akachanganya na masizi kidogo ili uonekane wa zamani, akajipaka kiganja cha kulia. Matundu ya sindano ya ule uzi wa mzee yalikuwa bado yanaonekana kwenye kitambaa. Aliulenga mkono wake katikati yao, akakandamiza, akahesabu hadi mia. Halafu akatia uzi mwekundu mpya, tundu kwa tundu, kwa subira. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizopata kufanya, na ilikuwa wizi.

Ijumaa saa mbili mzee alilivaa koti palepale dukani. Alisimama, akajinyoosha, akasogeza mabega huku na huku akimtafuta mtu wake.

"Leo ana baridi," alisema.

"Ni maji, mzee. Halijakauka sawasawa. Ukitembea atapata joto."

"Eeh. Atapata joto." Mzee alitikisa kichwa, akiamini kwa sababu alitaka kuamini. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Wewe hujui ulichonifanyia."

Mdogo mtu aliinama juu ya shati ambalo alikuwa amekwisha kulinyoosha, akalinyoosha tena.

Mzee hakuwa amefika kona wakati kile kiganja kilipoondoka mgongoni mwa Bi Madoa. Hakikuvutwa, hakikugombana. Kiliondoka kama mtu anavyoondoa mkono wake juu ya kitu alichogundua kuwa si chake. Alikimbilia uani, akavua gauni, akaligeuza. Lilikuwa safi, halina doa, halina harufu. Alitafuta kwenye shuka, kwenye gwanda, kwenye kila nguo iliyokuwa kambani. Mkono haukuwako popote. Maumivu yalirudi yote kwa pamoja, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa.

Hapo ndipo kiganja chake cha kulia kilipoanza kuhisi kitambaa.

Kilikuwa wazi, kitupu, mbele ya macho yake. Na bado alihisi chini yake koti zito, na chini ya koti mifupa ya mgongo wa mzee, inapanda na kushuka kwa pumzi. Kisha kukaja mtikisiko wa basi. Alijipaka mafuta ya kupikia, akasugua kwa spiriti, akaushika mkono kwenye barafu mpaka ukafa ganzi. Ganzi iliingia kila mahali isipokuwa kwenye ule mgongo. Alijua kuondoa utomvu, lakini kilichokuwa mkononi mwake hakikuwa utomvu.

Jioni alimwambia mdogo wake, na asubuhi walikwenda pamoja kituo cha mabasi. Karani aliwauliza mzee gani, kwa binti gani, mji gani. Mabasi ya saa tatu ni manne, alisema, na kila moja lina vituo kama thelathini. Bi Madoa hakuwa na jina. Miaka yote aliandika nguo, hakuandika watu.

Basi akaishi hivyo. Alijua mzee akiamka, maana koti lilivaliwa. Alijua akiegemea kiti. Alijua kwamba huko kwa binti walilitundika koti msumarini siku nzima wakati mwingine, kiganja kikahisi ukuta wa baridi, na kwamba jioni mzee alilichukua tena. Alijua kikohozi kilipoanza, na kilipozidi. Usiku wa kwanza wa kikohozi alilala akikisikiliza kwa kiganja. Wa pili, bila kufikiri, aliuzungusha mkono wake hewani, mduara mdogo, kama alivyofanyiwa yeye. Mgongo ulitulia. Pumzi ikawa ndefu.

Tangu siku hiyo aliifanya kazi ile kila mzee alipokohoa, awe mezani, awe barabarani. Watu walisema dobi amerukwa na akili, anapapasa hewa. Mdogo wake aliwajibu kwamba wao wenyewe wanapapasa vya watu na hakuna anayesema. Bi Madoa aliacha kusikiliza sifa. Alichotaka ni kitu kimoja tu, mzee arudi hata siku moja, amwambie uso kwa uso kwamba alimwibia.

Haikuwa hivyo. Jumatano moja, saa sita mchana, duka limejaa wateja, Bi Madoa alikuwa anasuuza mapazia alipohisi mgongo ule ukipanda, ukashuka, ukapanda nusu. Alitoa mkono kwenye maji. Akaja ndani, akaketi kwenye benchi katikati ya watu, mkono wa kulia umenyooshwa mbele, kiganja kimetazama mbele.

"Mama, nguo zangu vipi?" mteja mmoja aliuliza.

"Subiri kidogo. Nimeshika mtu."

Mdogo mtu alizima pasi. Aliwaomba wateja watoke, na wale waliosita aliwasukuma, akafunga mlango, akaja kuketi kando ya dada yake.

Maneno yalimjaa Bi Madoa mdomoni. Mzee, huyu si mkeo. Ni mimi dobi, wa kwako nimempoteza kwa tamaa yangu. Angeweza kuyasema, hapakuwa na wa kuyasikia. Lakini alihisi mgongo ule ukijisogeza nyuma, kidogo sana, ukijilaza kwenye kiganja chake, ukimtafuta mwenyewe. Akayameza. Akakandamiza mkono, akazungusha mduara mdogo, tena na tena, bila haraka.

"Nipo," alisema. "Nipo hapa. Wewe tangulia."

Mgongo ulipanda mara moja zaidi, ukashuka.

Mdogo wake alimwona usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwisha?"

Bi Madoa alitikisa kichwa kukubali, lakini hakushusha mkono. Katika chumba kile, popote kilipokuwa, hakuna mtu mwingine aliyemgusa mzee. Watu wa nyumba ile hawakujua bado. Joto lilikuwa linatoka kwenye koti polepole. Saa saba ilipita, na saa nane. Mkono ulianza kushuka, mdogo wake akauinua chini ya kiwiko na kuushikilia. Wateja waligonga mlango wakachoka wakaenda zao.

Saa tisa kasorobo alihisi vidole vingine vikitua kwenye koti, vidogo, vya haraka, vya mtu anayemwamsha mwenzake. Vilimtikisa mara moja, mara mbili. Vikasimama. Kisha uso wa mtu ukalala pale mgongoni, umelowa. Ndipo Bi Madoa akaondoa mkono wake.